Karanti za Uani

Mke wangu alipoanza kutapika, tulicheka kwa furaha. Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto, na kichefuchefu kile cha asubuhi tulikipokea kama mgeni tuliyemngoja. Kicheko hakikudumu. Chai ilirudi, uji ukarudi, mwisho hata maji matupu yakarudi. Aliniomba nisikaange vitunguu, kisha nisipake mafuta ya nywele, kisha nisilale kitandani kwake, maana hata harufu ya ngozi yangu ilimchafua tumbo. Nikahamia sebuleni.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya ghorofa ya chini huko Wembley, ughaibuni. Yeye alikuwa akihudumia wazee, mpaka akashindwa kusimama. Mimi nilikagua tiketi milangoni uwanjani, siku za mechi na matamasha.

Mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga kila jioni. "Mpe tangawizi, mwanangu. Mpe ndimu alambe na chumvi." Nikampa. "Basi mpe ukwaju." Nikautafuta kwenye maduka ya Wahindi, nikauloweka, nikauchuja, akanywa funda moja, akakimbilia chooni. Hospitali walimtundikia dripu, wakampa vidonge, wakaturudisha nyumbani. Vidonge navyo alivitapika. Kazi yangu ikawa kushika beseni na kumfuta uso. Mtu mzima mwenye mikono miwili, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiweza.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kichaka tulichokikuta tulipohamia. Hatukuwahi kukijali. Mwezi wa saba wa mwaka kikaning'iniza vishada vya vitunda vyekundu, vidogo kama shanga, vyenye ngozi nyembamba hata mbegu unaziona ndani. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kidevu chote chekundu. Nikadhani ni damu.

"Umefanya nini?"

"Nimekula vile," akasema, akionyesha kichaka. "Vikali kama siki. Usinisemeshe. Havijarudi."

Nilikimbilia ukutani kwa jirani yetu, bibi wa Kijamaika aliyeishi peke yake, nikamuuliza kama ni sumu. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Hizo ni karanti nyekundu, kijana. Aliyekaa hapo kabla yenu alizipanda apikie jamu. Kata kishada kizima, kisha zipukuchue kwa uma. Nyingine gandisha."

Tukaishi kwa karanti. Nilizigandisha, nikaziponda pamoja na barafu, akazinyonya kijiko kimoja kimoja huku amefumba macho. Akaanza kukojoa tena vizuri. Nani angedhani mume angeshukuru kwa jambo kama hilo? Siku moja akaniambia nikae karibu. Nilikaa, sikuthubutu kusogea.

Lakini ndege nao walikuwa wamezivizia. Asubuhi nilikuta vikonyo vitupu. Nikatoa chandarua tulichokuja nacho kutoka Tanga, nikakifunika kichaka, nikakigandamiza kwa matofali. Siku ya tamasha kubwa niliporudi, nilimkuta ndege mweusi amenaswa ndani, anapigapiga mabawa, na karanti zote zilizobaki zimeliwa au zimepondeka chini. Nilifunua chandarua akaruka zake. Nilibaki pale na viatu vya kazi, nikiokota zilizoanguka, nikizifuta udongo kwenye shati.

Za kwenye friza ziliisha. Nilizunguka supamaketi mpaka nikapata kikopo kidogo cha karanti zilizotoka mbali. Akaonja moja, akanirudishia mkononi.

"Siyo hizi," akasema, machozi yanamtoka. "Samahani. Najua umehangaika."

"Usiombe samahani."

"Sasa nifanye nini?"

Nilikwenda kwa bibi jirani, naye akafungua friza yake akatafuta chini ya samaki, akatikisa kichwa. "Msimu umekwisha," akasema. "Hakuna wa kuurudisha."

Mke wangu alitapika mpaka chumba cha kujifungulia. Mashavu yalikuwa yamebonyea, pete ya ndoa aliivaa kwenye uzi shingoni kwa sababu kidoleni ilikuwa ikidondoka. Mtoto wa kike akatoka mzima, analia kwa sauti nzito, na saa ile ile mama yake akaomba chai na mkate wa siagi. Alikula mbele ya wakunga bila kusitasita. Mimi nilitoka nje kwenye korido, nikalia kama niliyefiwa.

Majira ya joto yaliyofuata kichaka kilizaa kupita kiasi. Sikutaka zioze. Bibi alinielekeza: chemsha na maji kidogo, zichuje kwa kitambaa bila kukamua, tia sukari kwenye juisi, chemsha tena mpaka igande. Harufu ilipofika chumbani, mke wangu alimbeba mtoto akatoka barabarani, akakaa huko mpaka nilipofungua madirisha yote. Hakunilaumu. Jamu yote nilimpelekea bibi, akala na nyama ya kondoo.

Jioni ile mama mkwe alipiga simu ya video. Alimsifu mjukuu, akaomba aone meno, kisha akauliza kwa upole, "Na mdogo wake je, lini?"

Mke wangu alinipa simu, akaenda kumwogesha mtoto. Nilimtazama mama mkwe anavyosubiri, akitabasamu, nami nikamwambia mtandao unasumbua.