Mfuko wa Matibabu Tulioula

Ile katiba ya kikundi chetu niliiandika mimi, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Tulikuwa wanawake wa kuponda mawe ya dhahabu kwenye machimbo madogo upande wa Bulyanhulu, na kila wiki tulichangia mfuko wetu wa matibabu. Ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Kifungu cha tano kilisema katika kila shilingi kumi, nane ni za kutibu wanachama na watoto wao, mbili za uendeshaji, na kinachobaki hakigawanywi.

Mwaka ule Mungu alituhurumia, hakuna aliyelazwa. Desemba vikoba vya wenzetu, vile vya kuweka na kukopa, vikavunjwa na akiba ikagawanywa, watu wakanunua vitenge na mabati, sisi tunautazama tu mfuko wetu ulivyonona. Nikaitisha kikao. Nilisema fedha ya ugonjwa ikikaa sana huuita ugonjwa, maneno ambayo hata mwenyewe sikuyaamini. Nilitaka mabati. Aliyepinga ni mmoja tu, mama mtu mzima aliyeponda mawe karibu yangu, ambaye kwa Kisukuma sote tulimwita Mayu, yaani mama. Aliuliza kwa upole kifungu cha tano kimekwenda wapi. Nikamjibu mbele ya watu, "Mayu, unatuombea tuugue?" Wakacheka mpaka akakaa. Tukachinja mbuzi wawili, iliyobaki tukagawana.

Februari tumbo la mwanangu likajaa. Leo ni mzima, anacheza mpira, lakini siku ile hospitalini Kahama waliniambia utumbo umejisokota, apasuliwe haraka, na dawa nikanunue. Fedha yangu ilikuwa juu ya paa. Niliwapigia simu wanachama wote isipokuwa mmoja. Kila mtu alinipa pole.

Mayu alisikia kwa watu, akaja kwa bodaboda. Alifungua pindo la kitenge, akanipa mgawo wake wa Desemba, haujaguswa, noti zimebanwa na ule mpira wa kufungia niliouvisha mimi mwenyewe siku ya kugawana. Niliona aibu, nikaanza kubabaika nitamrudishia lini.

"Usiandike deni," alisema. "Andika matibabu. Ndiyo kazi yake."

Alipogeuka kuondoka nikaona anachechemea. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hadi gotini, na kidonda kimefungwa kitambaa cha khanga. Nikajua alikuwa ameitunzia nini ile fedha. Ningeweza kumwita. Nikakimbilia dirisha la dawa.