Kichwa Kilichotoka Dirishani

Mtaa wa maduka bado umejifunika kwa giza jembamba la alfajiri. Milango ya chuma imeshuka, wafagiaji hawajafika. Ni dirisha moja tu la kioo lenye taa, na ndani yake kivuli cha mwanamke kinainama, kinanyooka, kinainama tena. Midomo yake imebana pini. Begani ametupia shuka jeupe lililolainika kwa kufuliwa.

Mbele yake imesimama sanamu ya kuvalishia nguo, ile ambayo wengi huiita mdoli. Kabla hajaigusa anaifunika shuka lile kutoka mabegani hadi miguuni. Mikono yake inaingia chini ya shuka, inafungua vifungo kwa kupapasa, inavua gauni la jana, inavalisha la leo. Shuka linaondoka mwisho, kila kitu kikiwa mahali pake.

"Watu wanadhani nina wazimu," anasema, na pini hazidondoki. "Waache wadhani. Mimi siwezi kumwacha mtu uchi barabarani."

Anaulizwa kama kweli ni mtu.

"Ukimvalisha mwenzio miaka yote hii, naye si anakuwa mtu?"

Mtaani wanamwita Bi Vioo. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho, na hata mumewe, fundi wa redio, hamwiti vingine. Kazi yake ni kupamba madirisha ya maduka. Hulipwa kwa dirisha, si kwa siku, na mwezi ukiwa mbaya ujira wote huishia kwenye chakula na nauli ya binti yake anayesoma chuo.

Alianza kama mfagizi. Mpambaji wa duka alipougua, tajiri alimwambia avalishe sanamu moja tu, basi, dirisha lisikae tupu. Akaivalisha, akatoka nje kuitazama, akarudi ndani kurekebisha mkono. Tangu hapo ufagio alipewa mwingine.

Saa anayoipenda ni hii hii, kioo kinapokuwa hakijaamua kuonyesha ndani au nje. Taa ikiwa nyuma yake na mbingu ikianza kupauka mbele, uso wake huelea juu ya kioo na kutua juu ya uso wa sanamu. Kwa kitambo hajui nani amesimama upande gani. Anasema husikia hata mtaa ukipumua.

"Hapo ndipo ninapopumzika," anasema. "Wengine wanakwenda ufukweni, mimi nakuja dirishani."

Kitu kingine kinachomtambulisha ni ushungi wake. Mikunjo mitatu hukaa juu ya sikio la kushoto, mkia hupita chini ya kidevu na kurudi begani, na pini hufichwa usiweze kuiona hata ukilipwa. Mtaa mzima hakuna mwingine anayefunga hivyo. Alifundishwa na shangazi yake mbele ya kioo kilichopasuka, akiwa msichana.

"Shangazi alikuwa ananiambia, tulia kwanza. Ukiufunga kwa papara, utashinda nao wenye papara. Basi mpaka leo, kabla sijaufunga nakaa kitako kidogo. Mume wangu anadhani nasinzia."

Ushungi huo ndio uliomtia majaribuni mwaka jana, katika duka kubwa alilolitumikia tangu enzi za ufagio.

Tajiri wa duka, mwanamke mdogo kwake kwa umri, alimletea sanamu mpya na kitambaa cha rangi ya zabibu. "Dada," alimwambia, "mfunge huyu ushungi kama wako. Vilevile kabisa."

Wiki hiyo yalikuwa yameingia magauni marefu ya heshima, na Bi Vioo hakuwa na sababu ya kufikiria jingine. Alikaa kitako, akatulia, akaufunga. Pini za dukani zilikuwa nene, kwa hiyo akachomoa yake mwenyewe kichwani na kuitumia. Akaivalisha sanamu gauni refu, akaiaga, akaenda nyumbani moyo mweupe.

Asichokijua msomaji, na yeye alikuwa anakijua fika, ni kwamba vichwa vya sanamu hizi hukazwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Vinahama. Jioni ile, baada ya yeye kuondoka, kichwa kilihama.

Kesho yake alifika jua likiwa limeshapanda, maana ilikuwa zamu yake ya mapumziko na alipita tu kuchukua mwavuli. Aliona watu wamejazana mbele ya dirisha. Mlinzi wa mlangoni, ambaye kila siku humtania, safari hii aliinamia viatu vyake kana kwamba kamba zimefunguka. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Dirishani sanamu nyingine ilikuwa imevaa kigauni chekundu cha kulalia, kifupi, chepesi, mabega yote nje. Juu yake kulikuwa na ushungi wa rangi ya zabibu, mikunjo mitatu juu ya sikio la kushoto. Chini kuliwekwa kibao: *Fungua siri yake.*

"Bi Vioo, kumbe!" alisema muuza magazeti, na wenzake wakacheka. "Miaka yote unatuficha."

Bi Vioo haoni haya kusema alivyojisikia. "Nilivuliwa mimi. Sina namna nyingine ya kukwambia. Nilishika kifua changu kuona kama nguo zangu zipo."

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakaunguruma. Mtaa ukawa mbali, anasema, sauti zikawa kama za watu walio ndani ya maji. Kilichomrudisha ni mkono wa binti yake. Alikuwa akipita na wenzake wa chuo, na baadhi yao walikuwa wamekwisha inua simu kupiga picha. Binti huyu hujitanda siku anayotaka, na siku asiyotaka hajitandi, na mama yake hajawahi kumkalia shingoni kwa hilo. Hakucheka. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Mama," alisema, "huyo ni wewe."

Bi Vioo aliingia ndani kumkabili tajiri. Tajiri hakugombana naye. Alimvutia kiti, akamwita dada, akamweleza kwa upole kwamba kinachofunikwa ndicho kinachovuta macho, na tangu asubuhi vigauni vinatoka kama maji.

"Na ni sanamu tu, dada. Kwani nimekuvalisha wewe?"

Leo, akiulizwa, tajiri huyo anajibu bila ukali. "Sikukusudia kumdhalilisha mtu. Nilikuwa nafikiria dirisha. Wateja wanapenda kitu cha kuwashtua. Labda ndilo kosa. Sikufikiria kabisa kama kuna mtu pale."

Bi Vioo anataka jambo moja lieleweke. Hana ugomvi na vigauni vya kulalia.

"Mimi nina mume," anasema, na kucheka mpaka anatoa pini mdomoni. "Ninacho, tena kizuri kuliko kile. Halikunikera gauni. Gauni nimelipatia mahali pake na ushungi nimeupatia mahali pake, kwa hiari yangu. Sasa anakuja mtu kuniunganishia, halafu ananiambia hiyo ndiyo siri yangu. Siri yangu nani kamwambia?"

Aliporudi nje alimkuta mzee mmoja wa mtaa, mtu wa heshima zake, amekwisha anza kuhutubia. Mzee alisema haya ndiyo matokeo ya mwanamke kufanya kazi dirishani, na anayetaka kusitirika akae kwake. Alisema mengi na kwa muda mrefu. Wakati wote huo macho yake hayakubanduka kwenye kigauni chekundu.

Hapo, anasema Bi Vioo, hasira ilimjia taratibu, ikamtuliza badala ya kumtibua.

"Shikamoo, mzee," alimwambia. "Hawa vijana wanautazama ushungi wangu kwa kuutamani. Wewe unautazama kwa kunihukumu. Tangu nimesimama hapa, kati yenu hakuna aliyeniuliza kama nimeamka salama."

Muuza magazeti ndiye aliyekuwa wa kwanza kutazama chini.

Bi Vioo akachukua shuka lake kabatini, akapanda dirishani mchana kweupe, mbele ya kadamnasi. Akaifunika sanamu kama kawaida yake. Mikono ikaingia chini ya shuka, na watu wakasikia shingo ikilia kwa kuzungushwa. Alipotoka alikuwa amekumbatia kichwa kilichoviringishwa shuka.

"Ukitoka na hicho, usirudi," alisema tajiri.

"Mwili ni wako, tajiri, na gauni ni lako. Kichwa kikate kwenye ujira wangu. Huu ushungi nimeufunga mimi."

Njia ya kwenda kwao ni ndefu kwa miguu, na anaikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto. Jua lilikuwa laini, vumbi limetulia, watu wanampisha. Alikibeba kichwa kifuani, mkono mmoja chini, mwingine juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo alimsimamisha kwa huruma.

"Pole, mama. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi, mwanangu. Amechoka na watu."

Nyumbani mumewe aliacha redio aliyokuwa akiifungua, akamtazama mkewe, akakitazama kichwa.

"Haya," alisema. "Huyu mgeni atalala wapi?"

Bi Vioo alikaa miezi bila kuitwa na duka hata moja, kwani habari ilishatangulia kwamba anaiba vichwa. Walikula kwa redio za mumewe. Binti alikosa chuo siku kadhaa kwa nauli, na Bi Vioo anakiri alijiuliza usiku na mchana kama alifanya upumbavu. Kisha duka la viatu likamwita, halafu la vitambaa, halafu hili analolipamba leo. Kwa tajiri wa zamani, mlinzi anasimulia, sanamu ilisimama bila kichwa siku nyingi na kigauni chake chekundu. "Watu walikuwa wanapita tu," anasema. "Hata mimi nilikuwa sipendi kuitazama."

Kichwa kinakaa kwenye dirisha la chumba cha mbele, kikielekea kunakopambazuka. Ushungi haujafunguliwa tangu siku ile. Mwezi uliopita binti yake alikuja kuketi mbele ya kichwa hicho na kitambaa mkononi, akijaribu kuiga mikunjo, akikosea.

"Tulia kwanza," mama yake alimwambia kutoka jikoni.

Mpango wa Bi Vioo ni kukigeuza chumba hicho kuwa duka lake. Mumewe ameshapima ukuta, ameshaahidi taa. Atauza shungi, atauza magauni, na vya kulalia pia vitakuwepo, ndani ya droo, kwa mwenye kuvitaka. Kilichobaki ni mwili wa sanamu, na miili mipya ni ghali, kwa hiyo anatafuta iliyotumika.

Huku akingoja, anaota ndoto moja ambayo huja na kurudi. Sanamu zote alizowahi kuzivalisha zinashuka madirishani na kujipanga mlangoni kwake alfajiri. Kila moja imejifunika shuka jeupe na imekumbatia nguo. Hazimsemeshi, zinamnyooshea tu zile nguo, naye anaamka kabla hajaziona vizuri.

Nje kumekucha. Bi Vioo anashuka kutoka dirishani, anakunja shuka lake, anasimama barabarani kuitazama kazi yake kupitia kioo.

"Mwili nitaupata tu," anasema. "Na siku nikiupata, jambo la kwanza nitamuuliza mwenyewe anataka kuvaa nini."