Noti Zenye Majina

Kwa miaka ishirini na miwili Mwalimu Ansbert aliwafundisha watoto wa watu somo la biashara, akiwaeleza namna sarafu zinavyopanda na kushuka thamani, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuvuka mpaka wa nchi hata mara moja. Alipokaribia kuuvuka, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, hakuwa akienda kutembea. Binti yake Loveness, mwenye miaka tisa, alikuwa na tundu kwenye moyo, na hospitali moja ya Chennai, huko India, ilikubali kumpasua kwa sharti kwamba dola elfu tatu na mia tano zilipwe siku ya kufika, kabla mtoto hajapewa kitanda. Ndege ilikuwa ya Ijumaa alasiri. Asubuhi ya Alhamisi Mwalimu alikuwa na dola elfu nne kwenye bahasha ya kaki, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi aliinywa chai yake mpaka ikaisha.

Fedha hizo zilitoka kwa walimu wenzake, kwa majirani wa Boko, na zaidi kwa jumuiya yao ya sala, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mweka hazina wake kwa miaka kumi na mmoja. Kila michango ilipotosha kununua noti ya dola mia aliinunua siku hiyohiyo, kwa kuogopa shilingi isije ikamponyoka mikononi. Kisha alikaa mezani, akatoa kalamu yake ya bluu, na kwa mwandiko mdogo wa kusahihishia madaftari akaandika pembeni mwa noti majina ya waliochanga. Aliwaambia wanajumuiya kwamba alifanya hivyo ili asije mtu akasema mweka hazina amekula. Walicheka, wakamsifu. Mtu makini, walisema.

Mkewe Jovina, ambaye angebaki nyumbani na mtoto mchanga, ndiye aliyemshauri aende kwanza kumwona Bi Khulud. Mama huyo alikuwa na duka la vitambaa Kinondoni, naye alikuwa akienda Mumbai mara tatu au nne kwa mwaka kufuata mzigo. Mwanawe, Mazin, alikuwa amepita mikononi mwa Mwalimu, na kwa ajili hiyo Bi Khulud alimtolea kiti, akamwagizia kahawa, akaanza kumfunda kama anayemfunda bwana harusi. Asibadilishe fedha nyingi uwanja wa ndege. Abadilishe za teksi na chakula tu. Asigeuze zote kuwa rupia kwa mkupuo mmoja, maana rupia zikimbakia, akirudi Dar atabembeleza watu wazichukue kwa bei ya kutupa. Asizikunje noti. Asiziweke zote mahali pamoja. Akamaliza kwa kunyoosha mkono ili azione hizo dola zenyewe.

Alitoa noti ya kwanza, akaigeuza. Akatoa ya pili na ya tatu. Kisha akaacha kuhesabu.

"Mwalimu, nani kaandika hapa?"

"Mimi, Bi Khulud."

"Zote?"

"Zote arobaini."

Bi Khulud alivua miwani. Alimweleza taratibu, pasipo kumlaumu, kwamba shilingi yetu hata ukiiandikia mahitaji ya sokoni dereva wa bajaji ataipokea, lakini dola ugenini hukaguliwa kama mchumba. "Pale dirishani wataigeuza, wataimulika, wakiona wino wanakurudishia. Hawagombi wala nini. Wanakurudishia tu, halafu wanamwita wa nyuma yako." Angembadilishia yeye mwenyewe, alisema, ila dola zake zilikuwa zimetangulia kulipia mzigo wiki iliyopita, na dukani palikuwa na shilingi za mauzo ya siku mbili, ambazo hazikufika popote.

Mwalimu aliondoka huku kahawa ikiwa nusu kikombeni. Duka la kwanza la kubadilishia fedha walimrudishia bahasha yake kwa adabu, kama alivyoambiwa. La pili vivyo hivyo. Benki, binti wa kaunta alimwita baba, akamweleza kwamba noti zenye maandishi wangeweza kuzipokea tu ili zipelekwe nje kukaguliwa, na kwamba majibu huchukua wiki sita, wakati mwingine nane. Alimwomba aonane na meneja. Meneja alisema maneno yaleyale kwa sauti nene zaidi.

Akanunua spiriti na pamba kwenye duka la dawa. Aliketi kwenye ngazi za jengo asilolijua, akachagua noti yenye majina machache, akaanza kusugua. Wino haukutoka, ulienea. Ukatambaa kutoka pembeni mpaka kwenye sikio la yule mzee wa kwenye picha, na karatasi ikaanza kutoa manyoya. Alipoinua macho alimwona askari wa ulinzi akimtazama, naye akaificha noti haraka kama mwizi. Zilibaki thelathini na tisa.

Saa saba mchana Bi Khulud alimpigia simu. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mifugo Vingunguti, karibu na machinjio, jina lake Bakari, anayepeleka mbuzi Komoro. Washirika wake wa huko hawajali noti ina nini, mradi ni dola ya kweli. Lakini, alimwonya, hachukui bure.

Bakari alikuwa amekaa kwenye kibanda chenye meza moja na kalenda ya mwaka juzi, buti za mpira miguuni, harufu ya damu na majivu ikiingia dirishani. Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta vizuri, ndipo akazishika noti. Akacheka.

"Naona umezisahihisha kama mitihani. Zimefaulu?"

Mwalimu hakuweza kucheka. Aliomba dola safi tisini kwa kila mia. Bakari akasema sabini. Mwalimu akamweleza habari za mtoto, moyo, ndege ya kesho. Bakari alisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, na kwa ajili ya mtoto na ya Bi Khulud akapandisha hadi themanini. Hapo hapakuwa na pengine pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo.

Alipokuwa akihesabu, Bakari aliyasoma majina kwa sauti, noti baada ya noti. Mama Elinaza na Augustine fundi. Benson wa stoo. Tupokigwe, Tupokigwe tena. Mwalimu alisikiliza kama mtu anayeitiwa mahudhurio ya darasa ambalo halitakutana tena.

"Sasa Mwalimu wangu, mtu akishatoa sadaka, jina la nini?"

Mwalimu alimsogezea bahasha tupu. Alipokea noti thelathini na moja za mia na moja ya ishirini, safi, hazina hata kikunjo, akaondoka.

Nyumbani Jovina alizihesabu mara mbili. Dola elfu tatu, mia moja na ishirini. Zilipungua mia tatu na themanini kwa ajili ya kitanda, pasipo kutaja chakula. Hakupiga kelele. Alimuuliza swali lilelile la Bakari.

Mwalimu alitazama sakafu. Alisema kwamba habari ya kuogopa kuitwa mla michango ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Usiku alipokuwa akiandika, alijiambia kwamba likitokea la kutokea kabla ya safari, kila mtu apate kurudishiwa chake. Alitaka ajue pa kuzirudisha.

"Kuzirudisha lini, Baba Loveness?"

Mwalimu alipeleka mkono kwenye kalamu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake.

"Kwa hiyo wewe ulishamzika."

Alilisema polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mbali. Kisha akaichomoa ile kalamu ya bluu kutoka mfuko wa shati la mumewe, akaitia ndani ya mkoba wake mwenyewe, akaufunga. Akachukua simu akaanza kumpigia dada yake, ingawa dada yake alikwisha kutoa mara mbili.

Loveness alitoka chumbani akitembea kwa mapumziko, hatua tatu na kituo, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. Alimwamkia baba yake. Alitaka kujua kama huko wanakokwenda hela zao zina picha za wanyama, maana alikuwa amemwahidi rafiki yake Blessing kumletea moja, ya chuma, siyo ya karatasi.

Mwalimu hakujua sarafu za huko zina picha gani. Hakujua dola mia tatu na themanini zingetoka wapi kufikia kesho alasiri, wala kama dirishani mwa hospitali wangemsikiliza mtu aliyekuja na pungufu.

"Utarudi nayo," alisema, kwa ile sauti aliyoizoea darasani siku alizofundisha jambo asilokuwa na hakika nalo.