Ng'ombe aliyeifuata simu

Leo nimemswaga ng'ombe kwa simu, na mpaka sasa sijatulia.

Baba alinitumia huyo ng'ombe kutoka kijijini Bugwema, tumchinje Jumamosi kwenye kipaimara cha mwanangu.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikamshusha hapa Musoma mjini. Akatembea hatua kumi, akalala katikati ya barabara.

Mimi na dereva tukavuta kamba, wapi.

Bodaboda wanapiga honi, mimi nimesimama na gauni langu la ofisini.

Nikampigia baba, nikaweka spika.

"Msogezee sikioni," akasema. Kisha akapiga ule mluzi anaowapigiaga ng'ombe wake jioni wakirudi zizini.

Ng'ombe akasimama. Akaifuata simu taratibu mpaka uani kwangu, watu wanarekodi. Nilicheka, kusema kweli.

Nikataka kukata.

"Usikate kwanza, binti yangu," baba akasema. "Bado ananitafuta?"

Nikatazama. Alikuwa anainusa simu.

Nikamwambia hapana.

Tangu hapo baba ameshapiga mara tatu, eti kuuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Naenda kupokelea nje ya geti, maana ng'ombe akisikia ile sauti anavuta kamba.

Nyie mngefanyaje?

Jumamosi ni kesho kutwa.