Filimbi ya Jumwa

Zamani, katika ghala letu la majani ya chai pale Changamwe, makuli walipanga magunia kwa wimbo na mdomo ulikuwa wa nyapara peke yake. Siku hizi wimbo haupo, kila kuli ana waya wa simu masikioni, na hata mfagiaji ana filimbi shingoni.

Filimbi alizileta Purity, meneja mpya. Alitukusanya sote akasema anayeona hatari apulize, kazi isimame, na asiulizwe yeye ni nani. Mimi, niliyekuwa nyapara miaka ishirini na sita na wakati huo nikilinda lango, nilicheka. Makuli nao walicheka. Miezi mitatu haikulia hata moja, kwa kuwa kwetu mdogo hamsimamishi mkubwa kazini.

Jumwa alikuwa mfagiaji, mama wa Kigiriama akaaye Miritini, kibarua wa kuitwa langoni kila asubuhi. Hakufagia kama wengine. Akiona vumbi la chai aliinama kwanza, akaangalia limetoka wapi, ndipo akashusha ufagio.

Jumanne moja malori yalipanga foleni hadi barabarani. Anwar, mkubwa wa makuli, alikuwa na watu wake juu ya rundo la magunia kumi na tano kwenda juu. Filimbi ikalia, nami nikaingia ndani toka langoni.

"Nani huyo?" Anwar akaita toka juu.

"Ni mimi, mzee wangu. Shukeni."

"We mama, wafagia ama wachezesha mpira?"

Makuli wakaangua kicheko.

"Nafagia. Hapa nimepafagia mara tatu tangu asubuhi, na vumbi larudi palepale. Magunia ya chini yasagika. Shukeni, tafadhali."

"Chai hii ikikosa meli, kesho huitwi langoni."

"Na nisiitwe."

Akapuliza tena.

Purity akaja mbio. Nilingoja amfokee. Akamuuliza, "Jumwa, tufanye nini?"

Wallahi, sijapata kusikia mfagiaji akiulizwa hivyo. Jumwa akaeleza: washuke upande wa ukutani, mmoja mmoja, kisha rundo lipunguzwe toka juu. Walipofika chini walikuta ubao uliobeba magunia umepasuka katikati, magunia matatu yamesagika, na mzigo wote ule ulikuwa umeegemea gunia moja tu. Anwar alilishika gunia hilo, akakaa chini.

Mimi nilitoka nje. Mwaka wa tisini na moja mfagiaji mmoja, Kafedha, aliniambia vumbi lamwagika. Nikamjibu, "Wewe fagia." Siku ile ile rundo lilimwangukia Munga, kuli wangu, likamvunja miguu yote miwili. Hilo huwa silitaji ninapozisifu siku zetu.

Meli iliondoka bila chai ile. Asubuhi yake nilipewa orodha ya vibarua wa kuitwa, nikaifungua kwa hofu. Jina la Jumwa lilikuwa la kwanza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa siku niliyoacha kazi. Nilichungulia ghalani. Makuli arobaini walisimama mikono mitupu, malori yananguruma nje, Anwar amevua kofia. Jumwa alikuwa akilizunguka rundo polepole, ameinama, ufagio mkononi, na hakuna aliyenyanyua gunia mpaka alipomaliza.