Si TB

Mwaka 1978 nilikuwa napiga picha za eksirei katika hospitali moja mjini Arua. Filamu zilikuwa adimu, madaktari adimu zaidi. Siku moja aliletwa mama mmoja kutoka Kuluba, huko Koboko, anakohoa damu. Aliwahi kuugua TB, akachomwa sindano kwa miezi mingi mpaka makohozi yakawa safi. Damu ikarudi. Mama mkwe wake akamtengea sahani na kikombe.

Nilimpiga picha akiwa amesimama. Katika sehemu ya juu ya pafu la kulia palikuwa na tundu lililoachwa na TB ya zamani. Ndani yake mlikuwa na donge la mviringo, na juu ya donge upenyo wa hewa, mwembamba, umepinda kama mwezi mwandamo. Daktari aliiinua picha ile kwenye mwanga.

"Mlaze ubavu, upige tena," akaniambia.

Picha ya pili ikaonyesha donge limehama, limeangukia upande wa chini. Uvimbe haubingiriki hivyo, daktari akasema. Hili ni kuvu, limeota ndani ya tundu kama lile tunalolikwangua kwenye muhogo uliovundikwa.

"Si TB?" mama akauliza.

"Si TB, mama. Haiambukizi mtu."

Uso wake ukachangamka. Akamgeukia mumewe, mchuuzi wa nguo, mtu wa upande wa Kongo. "Umesikia? Sasa mimi nitakula na watoto."

Mume ndiye aliyeuliza, "Dawa iko?"

Haikuwapo. Kulikata pafu kulitaka hospitali kubwa ya Kampala, na daktari mpasuaji tuliyemtegemea huko alishaikimbia nchi. Daktari wetu aliwaeleza yote bila kuficha. Mama alisikiliza, lakini nadhani alikuwa amebaki kwenye lile neno la kwanza. Tukampa vidonge vya kikohozi, wakapanda lori la Koboko.

Mvua zilipoanza, mume alirudi peke yake. Mkewe alikula na watoto kila jioni, akasema, sahani moja. Halafu asubuhi moja akiwa anapalilia, damu ilimjaa kooni. Hakuwahi hata kuita.

"Nyinyi muliona ile kitu kwa picha," akaniambia. "Mulijua mpaka jina yake. Sasa ile kuona ilisaidia mutu gani?"

Nilimsogezea kiti. Alikataa kukaa, akatoka.