Mama mdogo anafukuzwa kwa vidonge nilivyotoa mimi

Jina langu lifichwe, hapa mjini Kasongo tunajuana. Nina miaka thelathini na moja, na ninamuuguza mama yangu mzazi, aliyeletwa kwa pikipiki kutoka Kabambare akiwa na kansa ya titi. Alikuja na mke mwenzake, tunayemwita mama mdogo. Ndiye anayempikia na kumwogesha.

Hospitali walitupa chupa ya mofini ya kunywa. Muuguzi alinieleza vizuri: "Hii iko na nguvu kupita tramadol, lakini tunaipima kidogo-kidogo, na maumivu ikizidi tutaongeza sisi. Tramadol haiko vile. Ukizidisha, mutu anaanguka kifafa." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Kufika nyumbani, yaya, kaka yangu mkubwa, akaishika chupa: "Hii wanapatia mutu mwenye anakufa. Mama yetu hapana kufa!" Akaimwaga nyuma ya nyumba.

Sikubishana, kwani hata mimi niliiogopa. Dawa inapimwa kwa bomba la sindano kama sumu! Tramadol niliiona nyepesi, maana vijana wa pikipiki huimeza kama karanga wakienda njia ya Kabambare. Nikawa nanunua vidonge vyake sokoni. Kimoja, viwili, mama akilia naongeza. Jumanne asubuhi nilimpa vitano. Mama mdogo akiwa anamlisha uji, mama akakakamaa, macho yakageuka, povu likamtoka.

Yaya akapiga kelele: "Umemulisha nini, wewe mulozi?" Mama mdogo akaniangalia mimi, kwa sababu aliniona nikitoa vile vidonge. Nikanyamaza. Najichukia, jamani, lakini nilinyamaza.

Sasa kifafa kimekwisha ila maumivu yapo palepale. Tramadol naiogopa, mofini yaya hataki kuiona tena nyumbani, mama analia mpaka sauti imekauka. Kesho familia inakaa kumfukuza mama mdogo. Hana mtoto hata mmoja, atakwenda kwa nani na jina la uchawi? Nikisema ukweli, yaya atadai nilitaka kumuua mama na atamrudisha Kabambare, mbali na hospitali.

Leo mama mdogo amefunga nguo zake katika kitenge. Hakunitukana wala hakunishitaki. Ameniuliza tu: "Mwanangu, kesho nikienda, nani atamuogesha mama yako? Wewe unamushikaka vibaya upande wenye kidonda."

Ndugu zangu mnaosoma, nishikeni mkono. Mbele ya familia nianze na neno gani?